UZI: Ubuntu inasema kila kitu kimesasishwa. Na programu za nje je?

Mwalimu_wa_Busia

Habari zenu wote. Natunza maabara ya kompyuta ya sekondari moja huku Busia, upande wa Uganda, pamoja na mashine za jamaa wenye ofisi za kuchapa mjini. Karibu zote ni Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) 22.04 na 24.04, na ipo kongwe moja ya 20.04 ambayo mwenyewe hataki iguswe.

Kilichonileta ni hiki. Napiga amri za kusasisha programu, `sudo apt update`, kisha `sudo apt upgrade`, naambiwa hakuna cha kupandisha. Lakini kwenye mashine mojawapo kivinjari ni toleo la zamani mno, hata tovuti nyingine zinalalamika. Nikarudi kusoma ile mistari ya katikati ambayo huwa inapita mbio, nikakuta onyo lenye neno EXPKEYSIG. Kumbe ufunguo wa sahihi wa ripo ya nje (hazina ya programu isiyo ya Ubuntu wenyewe) umepitwa na tarehe. Apt ikakataa kuiamini hiyo ripo na kubaki na orodha ya zamani iliyokuwa nayo tayari. Ukilinganisha na orodha hiyo, kweli hakuna kipya! Onyo ni mistari miwili, na chini yake kabisa ni maneno ya kutuliza moyo: "All packages are up to date". Nani atasoma ya juu akishayaona ya chini?

Nikaendelea kuchimba. `ls /etc/apt/sources.list.d/` kwenye mashine za wateja imenitolea vitu ambavyo hata wenyewe hawavijui: PPA (ripo ya mtu au kikundi) ya lugha ya PHP, ripo ya programu ya kuongoza kompyuta kutoka mbali, ripo ya hifadhidata ambayo hakuna anayeitumia. Na VPN, zile za kukwepa mitandao iliyofungwa. Hizi VPN ni habari ya nchi nzima. Tangu Facebook ifungwe Januari 2021, kila anayekuja na laptopu ana faili la .deb (kifurushi cha kusakinisha) la VPN alilopewa na rafiki kwenye flashi, akalisakinisha kwa `dpkg -i`, na hapo ndipo safari yake ilipoishia. Programu ambayo kila unachotuma kinapita ndani yake ndiyo ambayo haisasishwi na mtu yeyote.

Sasa nauliza: nyie mnazifuatiliaje programu zisizotoka kwa Ubuntu wenyewe au Debian (mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake)? Na mtu asiniambie "washa sasisho za otomatiki" bila kusema bando analipa nani.

Kijana_Wandegeya

Washa sasisho za otomatiki 😂

Natania ssebo. Tena hata ukiwasha, tatizo lako liko palepale. `unattended-upgrades` inayokuja na Ubuntu haigusi ripo za nje mpaka uiambie. Fungua `/etc/apt/apt.conf.d/50unattended-upgrades`, angalia sehemu ya Allowed-Origins. Utakuta zilizoruhusiwa ni za Ubuntu wenyewe, hasa ile ya usalama. PPA yako haimo. Ripo ya kivinjari haimo. Watu wengi wanadhani wakishaiwasha wamemaliza kazi, kumbe nusu ya vinavyokutana na intaneti kila siku vimeachwa nje ya mlango.

Kuongeza ripo: piga `apt policy`, itakutajia kila ripo na herufi o= na a=. Hizo mbili ndizo unazoandika kwenye Allowed-Origins, zikitenganishwa na nukta mbili (:). Kisha jaribu bila kusakinisha chochote: `sudo unattended-upgrade --dry-run --debug`. Ukiona jina la ripo yako kwenye maelezo, imekubali. Kwenye Debian faili lenyewe linatumia Origins-Pattern, mwandiko unatofautiana kidogo lakini wazo ni lile lile.

Kwa faili za .deb za kwenye flashi hakuna dawa ya aina hiyo, kwa sababu hazina ripo. Piga `apt list '?obsolete'`. Hiyo inakuonyesha kila kifurushi kilichosakinishwa ambacho hakuna ripo hata moja inayokijua. Kwenye Ubuntu ipo pia `pro security-status --thirdparty`, na nyingine `--unavailable`. Anza na hizo tatu, utashangaa.

Mzee_wa_Bombo

Vijana wangu, mimi natumia FreeBSD (mfumo mwingine, si Linux) tangu enzi za kukompaili kila kitu kutoka kwenye ports, yaani msimbo wa programu, usiku kucha, kwa hiyo mnivumilie.

Kwetu jambo hili ni wazi zaidi, kwa sababu mfumo wenyewe na programu za watu wengine vimetengwa tangu mwanzo. Mfumo unausasisha kwa `freebsd-update`. Programu za nje, kuanzia bash mpaka kivinjari, zinakaa `/usr/local` na zinasasishwa kwa `pkg upgrade`. Ukifanya la kwanza ukaacha la pili, unajua kabisa umefanya nusu. Linux imevichanganya vyote kwenye kapu moja, ndiyo maana Mwalimu anashangaa leo.

Lakini kinachonifurahisha kuliko vyote ni `pkg audit -F`. Inashusha orodha ya matundu ya usalama yanayojulikana, inalinganisha na ulichonacho, inakutajia kwa jina: hiki kina tatizo hili. Inakusaidia kujua kipi cha kuharakisha, hata kama huna bando la kusasisha vyote. Debian wana `debsecan` inayofanana na hiyo, ila inazungumzia vifurushi vya Debian wenyewe tu, si vya nje.

Jambo lingine: vifurushi vyetu vina matawi mawili. Moja huitwa quarterly, linafunguliwa upya kila mwanzo wa Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na katikati hupokea hasa viraka vya usalama. Lingine ni latest, linakwenda mbio na kila kipya. Mashine ya kazi iwe quarterly. Mashine ya kuchezea fanya utakavyo.

Kijana_Wandegeya

Mzee, heshima zako, ila Mwalimu hataweka FreeBSD kwenye maabara ya wanafunzi wa S.2.

Mzee_wa_Bombo

Sijasema aweke. Nimesema afikiri hivyo.

Mkutubi_Mbale

Naomba niwapinge kidogo kuhusu otomatiki, maana mimi ripo ya nje ndiyo inayoniwekea ugali mezani.

Maktaba yetu inatumia Koha. Kwa wasioijua, ni programu huria ya kuendesha maktaba: katalogi, kuazimisha vitabu, wanachama, faini. Ilianzia New Zealand, ikaanza kutumika mwaka 2000. Kwenye Debian na Ubuntu inapatikana kutoka ripo ya jumuiya yenyewe, debian.koha-community.org. Matoleo makubwa hutoka mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na marekebisho madogo hutoka karibu kila mwezi.

Kwenye mstari wa ripo unaweza kuandika jina la toleo, kwa mfano 24.05, au unaweza kuandika "stable". Maneno mawili tu, lakini tofauti yake ni kubwa. Ukiandika namba ya toleo, `apt upgrade` inakuletea marekebisho ya toleo hilo peke yake. Ukiandika stable, basi siku jumuiya inapoamua kwamba stable sasa ni toleo jipya, mashine yako inaruka nalo. Na kifurushi cha Koha kinapopanda toleo hubadilisha pia muundo wa hifadhidata papo hapo. Kurudi nyuma si suala la kusakinisha kifurushi cha zamani; ni kurudisha bekapu.

Sasa fikiria hiyo imewekwa kwenye otomatiki ya Kijana wetu hapa, saa kumi na mbili asubuhi, wiki ya mitihani, na umeme ukatike katikati ya kubadilisha majedwali.

Kwa hiyo utaratibu wangu: ripo naiandika kwa namba ya toleo. Kabla ya kusasisha napiga `koha-dump` kwa jina la maktaba na kuihamisha nakala kwenye diski nyingine. Marekebisho madogo nayafanya siku isiyo na wasomaji. Toleo kubwa nalipanda likizo, baada ya kulijaribu kwenye mashine ya pembeni yenye nakala ya data yetu. Nasisitiza: kulijaribu kwa data yetu, si kwa ile ya mfano, maana matatizo huwa yamejificha kwenye rekodi za miaka ya nyuma ambazo mtu alizijaza ovyo.

Na kutosasisha kabisa pia sikubali. Pale ndani mna majina, namba za simu na anwani za watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na anayeshika data za watu anatakiwa azilinde.

Kijana_Wandegeya

Nyabo hapo umenishika. Nakubali Koha isiingie kwenye otomatiki. Lakini kivinjari? VPN? Hivyo vikipasuka unarudisha cha jana na maisha yanaendelea. Vikikaa na tundu la usalama wiki tatu, ndipo wanapoingia.

Okello_Linux

Mimi nasema subirini. Mmesahau xz, ile zana ya kubana faili? Machi 2024, toleo 5.6.0 na 5.6.1 la xz lilikuwa na mlango wa siri uliopandwa makusudi ili kuifikia ssh (njia ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali). Waliokuwa wanakimbilia kila kipya ndio waliokuwa nalo. Waliokaa kwenye Debian stable hawakuguswa, kwa sababu stable ilikuwa bado kwenye matoleo ya nyuma. Andres Freund aliligundua kwa sababu ssh ilikuwa inachelewa kidogo tu, kama nusu sekunde, akakataa kupuuza. Tukamshukuru Mungu na tukamshukuru yeye.

Kijana_Wandegeya

Ndugu Okello, xz inathibitisha jambo lingine. Debian stable inakaa kwenye toleo la zamani LAKINI inapokea viraka vya usalama kila vinapotoka. Hiyo si sawa na .deb ya kwenye flashi ambayo ni ya zamani na haipokei chochote. Uzee wa namba si tatizo. Tatizo ni kama yupo mtu anayerudi kukitazama.

Mkutubi_Mbale

Hapo tuko pamoja.

Mzee_wa_Bombo

Nami niongeze hapo. Unapoongeza PPA, unampa mwenye PPA hiyo uwezo wa kusakinisha chochote kwenye mashine yako akiwa na mamlaka ya root (msimamizi mkuu), leo na siku zote ripo hiyo itakapokuwapo. Ni kama kumkabidhi mpangaji ufunguo wa nyumba nzima kwa sababu alikuja kuleta meza. Wengine ni waaminifu na wanajulikana. PPA ya PHP ya Ondřej Surý imetegemewa miaka mingi na yeye mwenyewe ni mmoja wa watunzaji wa PHP ndani ya Debian. Lakini ripo uliyoinakili kutoka maelezo ya mtu usiyemjua, je?

Kwenye Debian kipo kifurushi kinaitwa `extrepo`. Kina orodha ya ripo za nje pamoja na funguo zake, na orodha hiyo imetiwa sahihi. Unapiga `extrepo search` na jina, kisha `sudo extrepo enable`. Ni bora mara nyingi kuliko kunakili amri za curl kutoka mtandaoni na kuzimimina kwenye terminali.

Arua_Hill

Salaam kutoka West Nile. Mmeongea mengi mazuri ila hakuna aliyejibu swali la bando, na ndilo lililonifanya nijisajili.

Kwanza snap (aina nyingine ya vifurushi vya Ubuntu, nje ya apt). Tangu Ubuntu 22.04, Firefox inakuja kama snap, na snap hujitazamia mipya mara nne kwa siku bila kuuliza mtu. Kwa usalama ni jambo zuri. Kwa mtu anayewasha hotspot ya simu kutuma ripoti moja, ni bando kwisha kabla ripoti haijaondoka. Zipo njia mbili. Moja: `sudo snap set system refresh.metered=hold`, halafu muunganisho wa simu uutie alama ya kulipia kwa kipimo kwenye mipangilio ya mtandao. Snap itangoja mpaka upate mtandao wa kawaida. Ya pili: `sudo snap set system refresh.timer=fri,23:00-01:00`, ili ifanye kazi yake usiku bando likiwa rahisi na mashine ikiwa imewashwa. Msiizime moja kwa moja. Kuna watu wanapiga `sudo snap refresh --hold` na kusahau, na hapo ndipo kivinjari cha Mwalimu kinapozaliwa.

Pili, kwa maabara. Weka `apt-cacher-ng` (kashe, yaani ghala la vifurushi vilivyoshushwa) kwenye mashine moja. Inasikiliza kwenye mlango 3142. Mashine nyingine uziwekee faili `/etc/apt/apt.conf.d/01proxy` lenye mstari huu:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Badilisha anwani iwe ya mashine yako. Kifurushi kinashuka mara moja kwa intaneti, mashine zilizobaki zinakichukua humo ndani. Sasa sikilizeni, maana hapa wengi hukwama: ripo za Ubuntu ni http, zinahifadhiwa bila shida. Ripo za nje nyingi ni https, na kwa hizo kashe haioni ndani. Ama uziache zipite moja kwa moja kwa mstari wa `Acquire::https::Proxy "DIRECT";`, ama kwenye mashine za maabara uandike ripo kwa mtindo wa `http://HTTPS///` kisha anwani, ili kashe yenyewe ndiyo ikaongee https na nje. Sahihi za apt zinaendelea kukaguliwa kama kawaida, kwa hiyo usiogope kwamba vifurushi vitachakachuliwa njiani.

Faida nyingine ya kashe niliiona wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilipokatwa. Mashine zilizokuwa na kashe mezani ziliweza kusakinishiwa vilivyokuwa vimeshashuka. Za wengine zilikaa tu.

Flatpak (njia nyingine ya kusakinisha programu) haipiti kwenye kashe hii. Isasishe kwa `flatpak update`, na usome inachosema, maana ikikuambia runtime fulani (msingi wa kuendeshea programu) imefikia mwisho wake, programu inayoitegemea imeachwa na mwenyewe.

Mwalimu_wa_Busia

Asanteni sana, hasa ndugu wa Arua. Nimepitia mashine zote kwa zile amri. Ripoti yangu:

`apt list '?obsolete'` ndiyo iliyozaa matunda. Imeonyesha VPN zote za flashi, printa mbili za .deb, na mabaki ya vifurushi vya toleo la nyuma la Ubuntu. VPN nimeziondoa zote. Anayetaka, nimemwekea WireGuard ya Ubuntu wenyewe, angalau hiyo ina wa kuitazama. Wanafunzi wamenuna, banange, lakini watazoea.

Kitu kingine sikukitegemea. Mashine iliyopandishwa kutoka 22.04 kwenda 24.04 kwa `do-release-upgrade` ilikuwa na ripo zake zote za nje zimezimwa. Programu zimebaki, zinafunguka vizuri, ila hakuna sasisho.

Kijana_Wandegeya

Ndivyo inavyofanya, kila mara. Inazima ripo za nje kusudi zisivuruge upandishaji, halafu kazi ya kuziwasha ni yako. Faili zipo palepale `/etc/apt/sources.list.d/`, ama mistari imewekewa alama ya # mbele, ama kwenye faili za .sources kuna "Enabled: no". Kabla ya kuwasha, badilisha jina la toleo kutoka jammy (22.04) kwenda noble (24.04) na uhakikishe mwenye ripo ameshatengeneza vya noble. Na funguo ziweke `/etc/apt/keyrings` kwa signed-by. Amri ya zamani ya `apt-key` imeshapitwa na wakati.

Mkutubi_Mbale

Mwalimu, usisahau vya nje ya apt kabisa. `ls /opt /usr/local/bin`. Na kama kuna mtu aliwahi kupiga `sudo pip install` (ya kusakinisha programu za Python) kwenye mashine hizo, vipo pale bila apt kujua. Kuanzia Debian 12 na Ubuntu mpya pip inakataa kufanya hivyo na kukuelekeza kwenye mazingira yaliyotengwa ya venv, watu wanakasirika, lakini ilistahili.

Arua_Hill

Na baada ya kusasisha, `needrestart`. Kwenye seva utakuta maktaba ya SSL (msimbo wa usimbaji unaotumiwa na programu nyingi) imebadilishwa diskini lakini huduma iliyokuwa inakimbia bado imeishikilia ile ya zamani kwenye kumbukumbu. Bila kuiwasha upya, umesasisha karatasi tu.

Mwalimu_wa_Busia

Imebaki ile ya 20.04. Ripo yake ya kivinjari nimeipatia ufunguo mpya, inasasishwa. Ile ya PHP haina tena chochote kwa ajili ya focal (hiyo 20.04). Niifanyeje? Mwenyewe anasema "inafanya kazi, iache".

Mzee_wa_Bombo

Usihangaike na ripo moja moja, mwanangu. Sasisho za kawaida za 20.04 ziliisha 31 Mei 2025, na wenye ripo za nje wanaondoka mmoja mmoja baada ya hapo. Kama lazima abaki, msajilishe Ubuntu Pro. Kwa matumizi binafsi ni bure hadi mashine tano na anapata viraka vya Ubuntu wenyewe kwa miaka mingine. Lakini Pro haitaigusa PHP ya PPA. Kwa hiyo mrudishe kwanza kwenye PHP ya Ubuntu kwa `ppa-purge`, baada ya kuhifadhi tovuti na hifadhidata yake, na muone kama programu yake inakubali toleo la 7.4. Isipokubali, ndiyo hoja yako ya kumpeleka 24.04.

Mwalimu_wa_Busia

Ni programu ya stoo na risiti, iliandikwa na kijana mmoja aliyehamia Juba. Nitaijaribu Jumamosi akifunga duka. Nitaleta matokeo, yakiwa mazuri au mabaya.

Kijana_Wandegeya

Chukua bekapu kabla hujagusa, ssebo. Na umwambie mwenye duka asije na wateja wa "dakika mbili tu".